Kabla ya kuipa skripti kazi ya kuandika faili lenye tarehe na saa

Skripti (faili la amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa mfuatano) inayonakili hifadhidata usiku hufanya kazi mwenye skripti akiwa amelala, na asubuhi hana shahidi mwingine isipokuwa faili atakalolikuta kwenye folda. Kwa hiyo, kabla ya kuipangia ratiba, amua kwanza ni saa ya wapi itakayoandikwa kwenye jina la faili hilo. Seva nyingi za kukodi huendeshwa kwa UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, nayo Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Skripti ikianza saa saba usiku wa kuamkia Jumanne mjini Dar es Salaam, seva bado iko saa 22:00 ya Jumatatu, na faili litabeba tarehe ya jana. Kama ofisi ni moja, tanguliza TZ=Africa/Dar_es_Salaam, yaani saa ya eneo, mbele ya date, amri ya Linux inayotoa tarehe na saa; kama seva zimetawanyika katika nchi kadhaa, mimi hupendelea kubaki na UTC na kuongeza herufi Z mwishoni mwa jina ili msomaji ajue. Tukumbuke pia kwamba kompyuta haihesabu saa kama sisi: mtu akikupigia simu kuulizia faili la saa mbili, muulize kwanza kama anataka 08, 20 au 02.

Mpangilio wa tarehe nao haufai kuachiwa mazoea. Folda hupanga majina kwa herufi na tarakimu kuanzia kushoto, hivyo ukitanguliza siku, 05-11-2024 itakaa juu ya 06-02-2023 ingawa ni ya mwaka uliofuata. Mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza, huondoa tatizo hilo. Saa iandikwe bila nukta pacha (:), kwa kuwa Windows haikubali alama hiyo katika jina la faili, 010500 inatosha.

Hapo kwenye herufi ndipo nilipoumia. Katika amri ya date, %m ni mwezi na %M ni dakika, nami mapema mwezi Mei niliandika %Y-%M-%d katika skripti iliyoanza kila usiku saa 01:05. Dakika ilikuwa 05 na mwezi ulikuwa wa 05, kwa hiyo majina yalionekana sahihi kabisa. Juni ilipoingia, skripti iliendelea kuandika 05, na kila usiku nakala mpya ikaifuta ya tarehe ileile ya Mei. Niligundua katikati ya mwezi, nusu ya nakala ikiwa imekwisha potea. Tangu hapo naweka set -o noclobber mwanzoni mwa skripti, ili alama ya > ikatae kuandika juu ya faili lililopo, na jina jipya hulijaribu kwa tarehe ya mwezi mwingine kabla sijaliamini.

Jina litengenezwe mara moja tu, juu kabisa, kwa mfano WAKATI=$(date +%Y-%m-%d_%H%M%S), kisha kila mstari unaofuata utumie $WAKATI. Ukiita date upya kila unapohitaji jina, sekunde zitatofautiana, na kazi inayovuka usiku wa manane itaacha mafaili ya siku mbili kana kwamba ni kazi mbili. Amri hiyo ikae ndani ya skripti yenyewe, si katika mstari wa crontab, yaani faili la ratiba, maana cron, programu inayoiendesha ratiba hiyo, huigeuza alama ya asilimia kuwa mwanzo wa mstari mpya isipotanguliwa na mkwaju wa kurudi nyuma (\).

Hakikisha pia kwamba ujumbe wa makosa unaingia katika faili la kumbukumbu za kazi (.log) pamoja na ujumbe mwingine, kwa kuandika 2>&1 baada ya > na jina la faili; ukigeuza mpangilio huo, makosa hayataingia humo. Folda iandikwe kwa njia yake kamili na itengenezwe kwa mkdir -p.

Mwisho ni nafasi ya diski. Mafaili yaliyopita siku 30 unaweza kuyatafuta kwa find /data/nakala -name '*.log' -mtime +30, lakini usiku wa kwanza iendeshe hivyohivyo bila -delete inayoyafuta, na uisome orodha yote kwa macho yako.