Namna ya Kuwakatia Simu Matapeli Bila Kuona Umevunja Adabu

Mama yangu anaishi Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, na simu yake ya kitochi ndiyo benki yake na ndiyo mlango ambao wageni huingilia nyumbani kwake. Siku moja alipigiwa na mtu aliyemwamkia kwa heshima, akajitambulisha kuwa mwalimu wa zamu katika shule ya bweni anakosoma mjukuu wake, kisha akamweleza kuwa mtoto ameanguka, amekimbizwa hospitali, na daktari anasubiri shilingi 180,000 ili aanze kumhudumia. Mama alikuwa ameshajifunga kitenge kwenda kwa wakala alipokutana mlangoni na mdogo wangu, ambaye alimpigia matroni kwa namba iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga na shule, na mtoto akapatikana darasani akiwa mzima kabisa. Nilipomuuliza mama baadaye kwa nini hakukata simu alipoanza kuingiwa na shaka, alinijibu kuwa si adabu kumkatia mtu anayezungumza, tena mwalimu.

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu ndani yake ndimo tapeli anamopata nguvu zake. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini salamu haina haraka: Mnyakyusa huanza na "ugonile", Mhehe na Mbena huanza na "kamwene", kisha huulizwa habari za nyumbani, za shamba na za mvua kabla ya shida yenyewe kutajwa. Mpigaji anayefungua mazungumzo kwa lugha ya nyumbani huwa ameshapewa kiti kabla hajasema amefuata nini. Wala tusidhani kuwa tapeli ni lazima awe mgeni wa mbali, kwa maana taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, za mwaka 2024 ziliitaja Rukwa, jirani zetu, pamoja na Morogoro kuwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Mtu wa karibu namna hiyo anajua shule zinafunga lini na mchele wa Kyela unauzwa bei gani, kwa hiyo lafudhi yake na habari anazozijua visihesabiwe kuwa uthibitisho wa jambo lolote.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ninayoishauri kila familia ni kukubaliana juu ya sentensi moja ya kumalizia simu, ambayo mzee anaweza kuitamka bila kujisikia vibaya. Kwetu tulichagua hii: "Nimekusikia, mwanangu, sasa nakata, nitapiga mwenyewe." Baada ya kuitamka, simu inakatwa palepale bila kusubiri jibu, kwa kuwa jibu la tapeli daima ni haraka mpya: daktari anaondoka, mfumo unafungwa, gari linaanza safari. Kisha anapigiwa mhusika kwa namba ambayo ilikuwamo nyumbani kabla ya simu hiyo kuingia, wala si kwa namba iliyotajwa na mpigaji. Namba hizo ziandikwe kwa maandishi makubwa kwenye karatasi na kubandikwa mahali panapoonekana: mkuu wa shule na matroni, watoto wote wa nyumba hiyo, mwenyekiti wa mtaa, wakala wanayemzoea, na namba 100 ya huduma kwa wateja. Sisi tuliibandika karatasi yetu nyuma ya mlango wa kabati la vyombo, kwa sababu mama hufungua kabati hilo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Makubaliano ya pili ni kwamba fedha haitumwi kwa sababu ya simu iliyoingia mpaka watu wawili wa familia wawe wamezungumza. Ni muhimu sheria hiyo imfunge kila mtu, baba na vijana wenye simu kubwa wakiwemo, kwa sababu mzee akiona kuwa amewekewa ulinzi peke yake ataona amefanywa mtoto, naye ataikwepa. Fanyeni pia mazoezi: mmoja wenu atumie namba ngeni, ajifanye mwalimu au mtu wa mtandao, na mzee aitamke ile sentensi mpaka izoee kinywa. Mama alihitaji mazoezi matatu kabla ya kuacha kuniomba radhi kila anaponikatia.

Matapeli wengi hujifanya wafanyakazi wa kampuni za simu, na hapa kanuni ni nyepesi. Namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yetu ni 100, na wateja wamekuwa wakitangaziwa kuwa mtoa huduma anapowapigia hutumia namba hiyo. Mtu anayepiga kwa namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07, akidai kuwa laini yako itafungwa au kuwa umeshinda zawadi, akatwe bila mjadala. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri, wala tarakimu sita za WhatsApp zilizoingia kwa ujumbe mfupi dakika hiyo hiyo. Ukimpa tarakimu hizo anaihamishia akaunti yako kwenye simu yake na kuanza kuwakopa ndugu zako kwa jina lako. Jihadhari vilevile na mpigaji anayekuelekeza ubonyeze nyota, 21, nyota tena, kisha namba fulani na alama ya reli, kwa kuwa maelekezo hayo huzielekeza simu zako zote kwake. Kama umeshabonyeza, piga *#21# ili uone iwapo simu zako zinaelekezwa kwingine, halafu piga ##002# ili kuufuta uelekezaji wote.

Utapeli wa "nimekosea kutuma" unahitaji maelezo ya kutosha, kwa sababu humnasa mtu mwaminifu kwa uaminifu wake. Unaingia ujumbe unaofanana na wa muamala ukionyesha kuwa umepokea fedha, na muda si mrefu mtu anapiga akilia kuwa ni ada ya mtoto na anaomba umrudishie. Usiusome ujumbe huo kama ushahidi. Fungua menyu ya huduma yako ya fedha, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, na utazame salio lenyewe. Salio lisipoongezeka, hakuna fedha iliyotumwa. Likiwa limeongezeka kweli, bado usimtumie wewe mwenyewe, bali mwambie apige 100 ili kampuni ndiyo iurudishe muamala huo. Ukimrudishia kwa mkono wako, naye akawa ameshaomba kampuni impe fedha ileile, utakuwa umelipa mara mbili.

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauna ufundi wowote. Unatumwa kwa watu wengi, nao humpata yule ambaye kweli siku hiyo anadaiwa. Kama unadaiwa, mpigie anayekudai kwa namba unayoijua.

Wakulima wana hatari yao ya pekee, nami ningependa tuizungumze waziwazi katika vijiji vya Rungwe, Mbarali, Njombe na Mufindi. Msimu wa kuuza unapofika, mtu anayepiga simu akisema ni mnunuzi wa parachichi, viazi au mpunga hasikiki kama mgeni, kwa kuwa wanunuzi wa kweli nao hupiga simu. Anapotaka mkulima atangulize fedha, iwe ya ushuru, ya magunia au ya mafuta ya gari la kubebea mzigo, hapo amejitambulisha yeye ni nani, kwa sababu katika biashara ya mazao fedha hutoka kwa mnunuzi kwenda kwa mwenye mazao. Jambo hilohilo linahusu mbolea ya ruzuku, ambayo tangu msimu wa 2022/2023 imeendana na kusajili wakulima na kuwatumia ujumbe kwenye simu zao. Anayepiga akitaka namba yako ya usajili, au ada ya kuhuisha taarifa zako, aambiwe kuwa mtaonana ofisini kwa mtendaji wa kijiji au kwa ofisa ugani, kisha simu ikatwe.

Simu za matangazo ni jambo tofauti, kwa maana wapigaji wake ni kampuni halali zinazouza bima, mikopo, michezo ya kubahatisha na miito ya simu, hata kama zinachosha vilevile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Itumie kwa maneno ya wazi: uliza kampuni gani inapiga, uliza wameipata wapi namba yako, sema kuwa hutaki kupigiwa tena, na uandike tarehe ya siku hiyo. Wakiendelea, unayo kumbukumbu ya kupeleka malalamiko kwa kampuni hiyo, na baadaye kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wapo pia wanaokupigia kukudai deni la jirani au shemeji aliyechukua mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa mno, kwenye programu ya simu iliyosoma majina yote aliyoyahifadhi. Kama hukumdhamini, hudaiwi chochote, na hulazimiki kuwaeleza anaishi wapi.

Kuhusu simu inayolia mara moja na kukatika kutoka nje ya nchi, usiirudie kama huna ndugu wala mteja huko. Sisi tulio karibu na Tunduma na Kasumulu tunapokea simu halali zinazoanza na +260 za Zambia na +265 za Malawi, kwa hiyo hatuwezi kuzizuia zote. Zihifadhi kwa majina zile za watu unaowafahamu, na nyingine ziache zilie.

Namba ya tapeli izuiwe kwenye simu kubwa, na kwenye kitochi kisichoweza kuzuia ihifadhiwe kwa jina TAPELI ili jina hilo lionekane atakapopiga tena. Ujumbe wake upelekwe namba 15040 ya TCRA, na ufuate maelekezo yatakayorudi ili namba iliyotumika nayo ifike. Mara kwa mara piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, wapo waliowekeshwa kidole mara mbili au tatu chini ya mwamvuli wa wakala kwa kisingizio kwamba mashine imegoma, na laini ya ziada ikaondoka na jina lao. Ukiona namba usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho chako uombe ifutwe.

Ikiwa fedha imeshakwenda, usianze kwa kumkaripia aliyetapeliwa, kwa sababu atajifungia na dakika zinazohitajika zitapotea. Zaidi ya hayo, hatakuambia mara nyingine. Piga 100 papo hapo, taja namba ya muamala, na uombe fedha izuiwe kabla haijatolewa. Usifute ujumbe wala kumbukumbu za simu. Nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa na upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo, kwa kuwa udanganyifu wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kampuni ya simu inaweza kuitaka RB hiyo inaposhughulikia dai lako. Katika siku zinazofuata anaweza kupiga mtu mwingine akidai kuwa ni mpelelezi au mtu wa mtandao, akieleza kuwa fedha yako imeonekana na kwamba inahitajika ada ndogo ili irudishwe. Huyo naye aambiwe kuwa mtapiga wenyewe, akatwe, na namba yake ipelekwe 15040 pamoja na ile ya kwanza.