SOMO: Kupima kiuno ili kujua hatari ya sindromu ya metaboliki

Sindromu ya metaboliki ni mkusanyiko wa hatari mwilini, yaani kitambi, presha, sukari na mafuta ya damu yasiyo sawa, unaoongeza uwezekano wa kisukari na ugonjwa wa moyo. Mizani haisemi mafuta yamekaa wapi. Yanayodhuru zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, kwa sababu huvuruga kazi ya insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini. Tafuta futi ya fundi cherehani.

Hatua ya 1: Ondoa nguo kiunoni, simama wima. Papasa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Pima katikati ya hapo. Usipime panapokaa mkanda: wenye kitambi wengi hufunga suruali chini ya tumbo, na namba inayotoka hapo ni ndogo kuliko ukweli.

Hatua ya 2: Futi ilale sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi kawaida, ndipo usome. Tafadhali usivute tumbo ndani. Rudia mara ya pili.

Hatua ya 3: Gawanya kiuno kwa urefu wako, vyote kwa sentimita. Kiuno 92 na urefu 170 ni 0.54. Kuanzia 0.5 hatari imeongezeka, kuanzia 0.6 ni kubwa.

Hatua ya 4: Nenda maabara. Futi inaashiria tu. Sindromu huthibitishwa ukiwa na vitatu kati ya hivi vitano (vipimo vya damu ni kwa mmol/L): kiuno kikubwa, presha yenye namba ya juu 130 au zaidi, au namba ya chini 85 au zaidi, sukari kabla ya kula 5.6 au zaidi, trigliseridi (mafuta ya damu) 1.7 au zaidi, na HDL (kolesteroli nzuri) chini ya 1.0 kwa mwanaume au chini ya 1.3 kwa mwanamke.

MASWALI

– Daktari, chati inasema mwanaume ni 94. Mimi nina 88, urefu 168. Niko salama?

Ndugu yangu, hapana. Hiyo 94 ilitokana na takwimu za Wazungu, sisi tukaazimwa. Uchambuzi wa takwimu za Waafrika wa kusini mwa Sahara ulipata takriban 81 kwa wanaume na wanawake pia. Uwiano wako ni 0.52. Kapime presha na sukari wiki hii.

– Nina mimba ya miezi mitano, nipime?

Dada, kiuno subiri hadi baada ya kujifungua. Presha na sukari zipimwe kliniki kama kawaida.

– Shikamoo daktari. Baba anameza dawa za presha, sasa inasoma 120/80. Kigezo hicho kimefutika?

Marahaba. Hakijafutika. Anayetumia dawa za presha anahesabiwa kuwa nacho, na asiziache kwa kuona namba nzuri.