Kupachika titania kwenye kaolini kwa ajili ya kuondoa oksidi za nitrojeni hewani

Vipimo hivi vinatoa takriban gramu 10: gramu 7 za udongo (kaolini, udongo mweupe) na gramu 3 za titania (dioksidi ya titani, inayovunja uchafu wa hewa ikipata mwanga). Udongo wenyewe hauvunji uchafu wa hewa. Kazi yake ni kuzishika chembe za titania zisigandane, mwanga na hewa vizifikie.

Hatua ya 1: Udongo. Kaolini ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ina mchanga mwingi. Ikoroge majini, iache saa 8, nyonya sentimita 10 za juu tu. Kausha, saga.

Hatua ya 2: Soli ya titania, yaani chembe ndogo sana zilizotawanyika katika kimiminika. Kazi nyingi huharibikia hapa. Changanya mililita 11 za isopropoksidi ya titani na mililita 11 za isopropanoli kavu, kwa vyombo vikavu kabisa. Isopropoksidi hugeuka unga mweupe ikigusa unyevu, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa inatosha kuziba sindano ukichelewa. Dondosha mchanganyiko huo, tone kwa tone, ndani ya mililita 190 za asidi ya nitriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) inayokorogwa kwa nguvu. Usimimine asidi juu ya titani: utapata mabonge yasiyoyeyuka tena.

Mashapo meupe yatatokea. Usiyamwage. Pasha nyuzi 80 ndani ya chemba ya kufyonza moshi huku ukikoroga usiku kucha, hadi yawe kimiminika cha samawati hafifu kinachopitisha mwanga. Kikibaki cheupe kama maziwa, matone yalikwenda mbio au asidi ilipungua. Lenga moli 0.5 za asidi kwa kila moli ya titani. Kuzidisha asidi nako hugandisha soli. Asidi ya sulfuriki usiiguse kabisa, maana sulfati hugandisha chembe. Mimi hutumia nitriki kuliko haidrokloriki kwa sababu nitrati huungua tanurini, kloridi huweza kubaki.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Dondosha soli kwenye udongo uliokorogwa katika mililita 700 za maji. Koroga saa 24. Usipandishe pH: kwenye asidi titania ina chaji chanya na nyuso za udongo zina chaji hasi, hivyo hushikana, pH ikikaribia 6, titania hujigandia yenyewe. Zungusha kwenye sentrifuji ili udongo utengane na maji, osha mara tatu, kausha nyuzi 60.

Hatua ya 4: Tanuri. Nyuzi 400, saa 2. Ukivuka 450, kaolini huanza kubomoka.

Hatua ya 5: Kuhakiki. Kwenye mchoro wa mtawanyiko wa eksirei (za shaba), kilele cha anatasi, aina ya fuwele ya titania, cha 25.3° hufichwa na cha kaolini cha 24.9°. Weka mchoro wa udongo mtupu kando, utazame ongezeko karibu na 48°.

Hatua ya 6: Jaribio. Fuata kiwango cha kimataifa cha ISO 22197-1: NO (oksidi ya nitriki) ya 1 ppm (sehemu moja kwa milioni), hewa ya lita 3 kwa dakika, mwanga wa urujuanimno wa UV-A wa wati 10 kwa mita ya mraba. Anza gizani hadi usomaji utulie, la sivyo utahesabu gesi iliyonaswa tu na udongo. Pima NO na NO₂ (dioksidi ya nitrojeni) pamoja. NO ikishuka huku NO₂ ikipanda kwa kiasi kilekile, hewa imekuwa mbaya zaidi, kwani NO₂ ina sumu kali kuliko NO. Uwezo ukipungua baada ya saa kadhaa, nitrati inayotokana na oksidi hizo imefunika uso; suuza kwa maji, kausha, rudia.