Una volti na ampia? Hivi ndo unavyopata ukinzani na wati za kifaa chako

Juzi usiku jirani yangu hapa Mbagala kanigongea mlango, ekstensheni inafuka moshi, tundu moja limeyeyuka na plagi ya jagi la umeme imenasa humo humo. Kitu cha kwanza kusema ni "umeme ulizidi". Nikamwambia hapana, kaa chini tupige hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya na kuzidisha tu, ukiwa na kalkuleta ya simu unamaliza.

Volti ni ule msukumo wa umeme, kwenye soketi zetu inatakiwa iwe 230 ila inapanda na kushuka. Ampia ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Ukinzani ni jinsi waya wa kifaa unavyoubana umeme usipite kirahisi, na wati ni nguvu ya umeme ambayo kifaa kinatumia. Ukishajua volti na ampia basi:

Ukinzani = volti ÷ ampia (jibu ni omu)
Wati = volti × ampia

Ya kwanza aliiandika Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, ndo maana kipimo kinabeba jina lake.

Chukua pasi. Nimepima yangu, soketi ilikuwa na volti 225 na pasi ikiwa inapata moto inavuta ampia 4.5. Ukinzani ni 225 ÷ 4.5 = omu 50. Wati ni 225 × 4.5 = 1012.5. Basi. Mita ya LUKU inahesabu yuniti 1 kwa kila wati 1000 zikitumika saa nzima, kwa hiyo pasi hii ikiwaka mfululizo saa 1 inakula yuniti 1 na kidogo, ingawa kiuhalisia inakula chini ya hapo kwa sababu inajizima na kujiwasha yenyewe ikishapata joto.

Sasa umeme ukishuka mpaka volti 180, kama wengi tunavyoona saa za jioni? Wengi wanadhani pasi itavuta ampia zaidi ili ifidie, sio kweli. Waya wa ndani ni ule ule, omu 50 zile zile, kwa hiyo ampia ni 180 ÷ 50 = 3.6 na wati ni 180 × 3.6 = 648. Volti zimepungua kwa moja ya tano lakini moto umepungua zaidi ya theluthi moja, maana volti na ampia zimeshuka zote kwa pamoja. Ndo maana nguo hainyooki hata upige pasi mpaka mkono uume.

Ampia unapimaje? Klampu mita, ile yenye taya za kubana waya kwa nje, ni salama zaidi, ila inabana waya mmoja tu, ukibana waya zote mbili kwa pamoja itasoma sifuri na utadhani mita mbovu. Kama una multimeta ya kawaida naomba sana uwe makini na hapa, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A halafu ukachomeka kwenye soketi ukitaka kupima volti, hiyo ni shoti ya moja kwa moja, inaweza kulipuka mkononi. Na ukitaka kupima omu kwa mita, kifaa kitoe kwenye umeme kwanza.

Huna mita kabisa? Soma kibandiko chini ya kifaa. Jagi la jirani limeandikwa 220–240V, 1850–2200W. Hapo unageuza, ampia = wati ÷ volti. Kwa 220 inakuja 1850 ÷ 220 = 8.4, kwa 240 inakuja 2200 ÷ 240 = 9.2. Ukitafuta ukinzani kwa namba zote mbili unapata omu 26.2 kotekote, yaani waliokiandika walipiga hesabu hii hii. Kwenye volti 230 jagi linavuta karibu ampia 8.8, na pasi ya jirani iliyokuwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo, tuseme nayo ni ya omu 50 kama yangu, inavuta 4.6. Jumla 13.4, na plagi ya ekstensheni ina fyuzi ya 13. Ikizidi kidogo hivyo fyuzi haikatiki palepale, inaweza kuvumilia muda mrefu tu huku waya mwembamba unachemka.

Ila kilichoyeyusha lile tundu hasa ni kulegea. Plagi ilikuwa inacheza, na sehemu iliyolegea inakuwa na ukinzani wake. Tuseme ni nusu omu tu, kitu kidogo kabisa. Hapo tumia wati = ampia × ampia × ukinzani, yaani 8.8 × 8.8 × 0.5, karibu wati 39. Kile chuma cha fundi redio cha kuchomelea risasi kipo cha wati 30 au 40, na kinayeyusha risasi. Sasa moto huo umekaa ndani ya plastiki, kwa nini isiyeyuke?

Angalizo mbili. Hesabu hii inakaa sawa kwenye vitu vya kupasha joto, pasi, jagi, hita, lakini friji, feni na vitu vyenye mota ukizidisha volti kwa ampia utapata namba kubwa kuliko wati zinazohesabiwa na LUKU. Halafu balbu za zamani za waya, ukipima omu ikiwa imepoa utapata namba ndogo sana, mara kumi au hata zaidi chini ya ile ya ikiwa inawaka, kwa hiyo usishangae majibu yakikataa kukubaliana.

Jirani nimemwambia jagi lichomekwe peke yake moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, pasi isubiri maji yachemke, na ile ekstensheni tumeikata waya kabisa ili asije mtu akaiokota akaitumia.