Intaneti ya laini inasuasua nyumbani? Anza na waya, usianze na WiFi

Juzi shemeji yangu aliniita nimwangalizie intaneti. Alikuwa ameshanunua ruta nzuri ya WiFi, akaichomeka kwenye modemu yake ya laini (kile kifaa chenye laini ya simu kinachopokea intaneti kutoka mnarani), na bado video zilikuwa zinakatakata. Maswali ya namna hii naulizwa mara kwa mara, kwa hiyo nimeandika utaratibu wote ninaoufuata.

Kwanza elewa jambo moja. Data inasafiri safari mbili: kutoka mnara wa simu hadi kwenye modemu yenye laini, halafu kutoka modemu au ruta hadi kwenye simu, kompyuta na televisheni. WiFi ni hiyo safari ya pili peke yake. Ruta mpya, hata iwe bora namna gani, haiongezi chochote kwenye safari ya kwanza. Kwa hiyo usitoe pesa kununua kitu kabla hujajua ni safari ipi iliyokwama.

Hatua ya 1: Pima kwa waya

Zima WiFi ya kompyuta, uichomeke kwa kebo ya mtandao kwenye modemu moja kwa moja, si kwenye ruta yako. Pima kasi alfajiri, mchana na usiku watu wakiwa wamesharudi nyumbani. Kila mara andika kasi ya kupakua, ya kupakia, na pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde). Kisha chomoa waya, kaa hatua chache kutoka kwenye ruta, pima tena kwa WiFi.

Waya na WiFi zikikaribiana, na zote ziko chini, tatizo liko upande wa mnara au kifurushi, endelea na hatua ya 2 na ya 3. Waya ukitoa 60 Mbps (megabiti kwa sekunde) na WiFi ikatoa 8, nenda hatua ya 4 na ya 5.

Angalia vipimo usivichanganye: 40 Mbps ni sawa na megabaiti 5 kwa sekunde, kwa sababu baiti moja ina biti 8. Na kama waya unagota kwenye 94 au 95 hivi kila unapopima, huenda tundu la modemu ni la 100 Mbps, au kebo imekatika ndani. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya.

Sishauri kipimo hiki kifanyike kwa simu. Simu inaweza kuhamia kwenye data yake yenyewe bila wewe kujua, ukawa unapima kitu kingine kabisa.

Hatua ya 2: Angalia kifurushi

Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguzwa kasi ukishavuka kiwango fulani. Ni rahisi kutambua: kasi iliyobanwa na kampuni haiyumbi. Ukipata 2 Mbps alfajiri, 2 mchana na 2 usiku, umebanwa. Mnara uliojaa watu hupanda na kushuka.

Hatua ya 3: Soma namba za mawimbi, kisha hamisha modemu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo kasi nyingi inapopatikana.

Fungua ukurasa wa modemu kwenye kivinjari. Anwani imeandikwa chini ya kifaa, mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tafuta sehemu ya taarifa za kifaa au za mawimbi. Achana na vile vijiti vya mtandao, vinaficha mengi kuliko vinavyoonyesha. Unachotaka ni RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi yanayofika, kwa dBm. Ni namba hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Ikiwa kati ya -80 na -90 uko vizuri sana, hadi -100 unaishi nayo, ukishuka chini ya -110 utateseka. Kila dB 3 zinazoongezeka ni nguvu maradufu, kwa hiyo usidharau mabadiliko madogo.

SINR ni tofauti kati ya mawimbi unayoyataka na kelele iliyoyazunguka. Zaidi ya 20 ni safi kabisa, 13 hadi 20 ni nzuri, chini ya 10 modemu inahangaika, na chini ya 0 kelele imezidi sauti. Mimi naanza na hii kabla ya RSRP, kwa sababu hii. Mawimbi yakiwa safi, mnara unaweza kubebesha biti 8 kwenye kila alama inayotumwa. Yakiwa machafu, unashuka hadi biti 2. Nguvu inaweza kuwa ile ile, lakini mzigo umebaki robo.

Kwa shemeji, modemu ilikuwa sebuleni kando ya televisheni, vijiti vimejaa: RSRP -88, SINR 3. Tukaipeleka chumba cha nyuma. Nguvu ikashuka hadi -97, kijiti kimoja kikapotea, lakini SINR ikapanda hadi 16, na kasi ya kupakua ikapita mara mbili ya ile ya sebuleni. Sebuleni modemu ilikuwa inasikia minara miwili kwa nguvu inayokaribiana, kila mmoja ukiwa kelele kwa mwenzake. Chumba cha nyuma ukuta uliukinga mnara mmoja, modemu ikabaki inasikiliza mmoja tu.

Fanya hivi. Chukua kebo ndefu ya umeme, tembeza modemu nyumba nzima: kila dirisha, ghorofani kama ipo, juu ya kabati, hata kwenye korido. Kila mahali subiri dakika moja au mbili, kwa maana modemu hung'ang'ania mnara wa mwanzo kabla ya kuhama. Andika RSRP, SINR, bendi (kundi la masafa ya redio ambalo modemu inatumia), na kasi. Kisha pale palipofanya vizuri, igeuze robo mzunguko, usome tena. Antena za ndani zina upande wao.

Mambo ya kuangalia unapohamisha:

Chuma na maji ni adui. Usiiweke nyuma ya friji, tangi la samaki au kabati la chuma. Kioo cha dirisha chenye utando wa kuzuia joto nacho hurudisha mawimbi, kwa hiyo dirisha si lazima lishinde ukuta. Pima, usibahatishe.

Jua la moja kwa moja huchemsha modemu, na modemu iliyochemka hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mahali penye namba nzuri lakini pa moto kama jikoni, paache.

Sasa bendi. Masafa ya chini kama 700 na 800 MHz hufika mbali na hupenya kuta, ndiyo maana modemu huyapenda. Lakini huwa membamba, na kila jirani aliye ndani ya nyumba yuko humo humo. Masafa ya 1800, 2100 au 2600 MHz hupenya kwa shida, ila mara nyingi yana njia pana zaidi, hadi MHz 20 kwa bendi moja ya 4G. Modemu yako ikiruhusu kuchagua bendi, jaribu moja moja na upime kila moja. Inawezekana kabisa bendi yenye kijiti kimoja ikaishinda yenye vijiti vitano.

Ila kuwa makini. Modemu ya daraja la Cat 4 (huandikwa kwenye maelezo ya kifaa) hutumia bendi moja tu kwa wakati na mwisho wake ni 150 Mbps. Cat 6 huunganisha mbili na kufika 300. Ukifungia bendi moja kwenye modemu ya Cat 6 unaua muungano huo, na unaweza kujikuta umeshuka. Kwenye 5G nyingi za sasa ni hivyo hivyo: 5G hiyo hutegemea bendi ya 4G kama nanga, ukiizuia nanga hiyo 5G inatoweka. Tena, bendi uliyoichagua ikizimika utabaki bila mtandao hadi urudishe mipangilio, kwa hiyo mweleze mtu mwingine wa nyumbani namna ya kurudisha kwenye Auto.

Kuhusu antena ya nje, nina msimamo: iwe chaguo la mwisho. Inahitaji nyaya mbili, si moja, kwa sababu modemu za 4G hupokea kwa njia mbili kwa pamoja. Waya mwembamba mrefu wa antena hula mawimbi hadi faida yote ikaisha njiani. Ni afadhali uipandishe modemu yenyewe mahali pa juu penye SINR nzuri, kisha ushushe kebo ya mtandao hadi kwenye ruta. Kebo hiyo hufika mita 100 bila kupoteza kasi. Vikuza mawimbi siviungi mkono hata kidogo: nchi nyingi hukataza kuviwasha bila kibali, na hukuza kelele pamoja na sauti.

Hatua ya 4: Modemu na ruta zisigombane

Ukiwa na ruta yako nyuma ya modemu, zima WiFi ya modemu, na zitenganishe angalau mita moja. Kisha chagua nani awe mkubwa. Mimi naweka modemu kwenye Bridge au IP Passthrough, yaani ipitishe intaneti tu, kazi yote ifanywe na ruta. Modemu isipokuwa na chaguo hilo, geuza ruta iwe Access Point, yaani isambaze WiFi tu. Ukiziacha zote zikitafsiri anwani za vifaa (NAT), kasi yenyewe haiporomoki sana, lakini michezo na kamera husumbua. Na zote mbili zikitumia 192.168.1.x, mtandao utakuwa unapotea bila mpangilio.

Dalili moja huwapotezea watu siku nzima: baadhi ya kurasa zinafunguka papo hapo, nyingine zinaganda. Ujumbe wa maandishi unakwenda, picha haipandi. Hapo angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, vile vipande ambavyo data hukatwa ili isafiri. Mitandao ya simu mara nyingi hukubali pakiti ndogo kuliko 1500. Kwenye Command Prompt ya Windows andika ping -f -l 1472 8.8.8.8. Ikikataa, punguza 10 kila mara hadi ikubali. Ikikubali kwenye 1400, ongeza 28, unapata 1428. Iweke namba hiyo kwenye mipangilio ya WAN (upande wa intaneti) ya ruta.

Hatua ya 5: WiFi yenyewe

Vifaa vya karibu viende 5 GHz. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, upana MHz 20. Usalama uwe WPA2 ya AES au WPA3. TKIP, ule usimbaji wa zamani, ikibaki imewashwa hubana kasi hadi 54 Mbps. Diski ya USB 3.0 iliyochomekwa kwenye ruta huvuruga 2.4 GHz, itoe. Virudufishi vya WiFi (repeater) sivipendi, vingi hukata kasi nusu. Vuta waya.

Hatua ya 6: Ikikwama usiku tu

Huo ni msongamano wa mnara, na hakuna mpangilio wa nyumbani unaouondoa. Unachoweza ni kupunguza maumivu. Washa pingi, halafu anza kupakua faili kubwa. Ikiruka kutoka 40 hadi 900, pakiti zinapanga foleni. Ruta yenye OpenWrt (programu huria ya ruta) inaweza kuwekewa SQM, inayosimamia foleni hiyo. Ndani yake chagua mbinu ya CAKE, na uweke kikomo karibu asilimia 80 ya kasi ya usiku, si ya alfajiri. Utapoteza kasi kidogo lakini simu za video zitatulia. Masasisho na nakala za picha yapangie usiku wa manane.

Kisha piga simu kwa mtoa huduma ukiwa na namba mkononi: Cell ID (namba ya utambulisho wa seli ya mnara), bendi, RSRP, SINR, na kasi ya alfajiri dhidi ya saa tatu usiku. Ukisema tu "mtandao uko chini" utaambiwa uzime na kuwasha. Uliza pia kama laini yako iko kwenye kifurushi cha simu au cha intaneti ya nyumbani, kwa kuwa kwenye baadhi ya mitandao kile cha nyumbani hupewa kipaumbele cha chini mnara unapojaa.