Anauzika Jimbo Gani? Namna ya Kuandaa Mdahalo wa Mgombea Urais wa Marekani

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, vijiwe vya kahawa hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, huwaka moto. Mmoja anasema mgombea huyu hauziki, mwenzake anaapa kwamba atapita mchana kweupe, na baada ya saa nzima kila mtu anaondoka na msimamo aliokuja nao. Linalokosekana ni swali dogo: anauzika jimbo gani? Urais wa Marekani hauamuliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima; kila jimbo lina wajumbe wake, na hao ndio humchagua rais. Ukiandaa mdahalo bila kuliweka hilo mezani tangu mwanzo, umeandaa kelele.

Anza na mada. "Fulani anafaa kuwa rais" ni mada mbovu, maana kufaa ni kitu kimoja na kuuzika ni kingine, na wazungumzaji watakuwa wakirukaruka kati ya hivyo viwili. Andikeni hivi: "Fulani akisimamishwa na chama chake mwaka 2028, atafikisha kura 270 za wajumbe." Hiyo 270, ambayo ni zaidi ya nusu ya wajumbe wote 538, ndiyo nanga. Mzungumzaji akianza kusifia hotuba au sura ya mgombea, mwenyekiti amuulize tu: hizo ni kura ngapi, na za jimbo lipi?

Mnahitaji mwenyekiti, katibu, mtunza muda, na wazungumzaji watatu kila upande. Wa kwanza apewe dakika saba, waliobaki tano tano, kisha wasikilizaji nusu saa. Vifaa ni karatasi ya manila, maka peni mbili za rangi tofauti na vizibo 93 vya soda, ambavyo mgahawa wowote wenye kreti utawapa bure. Mkikaa karibu na ziwa alasiri, upepo utapeperusha manila, kwa hiyo ikandamizeni kwa mawe pembe zote nne. Mawe Mwanza hayatafutwi.

Katikati ya manila chora visanduku saba: Pennsylvania 19, Georgia 16, North Carolina 16, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10, Nevada 6. Hizo ndizo 93, kizibo kimoja kwa kila kura. Kisha vyama viwili vikubwa vya huko: kushoto andika Democratic 226, kulia Republican 219. Namba hizi ni matokeo ya 2024 ukiyaondoa majimbo hayo saba yenye ushindani mkali. Yote saba yalikwenda kwa Trump wa Republican, akamaliza na 312 dhidi ya 226 za Harris wa Democratic. Mgawo huu wa kura utatumika pia 2028, na utabadilika baada ya sensa ya 2030. Anayetaka kuongeza kisanduku cha nane aruhusiwe, ila aje na sababu, asije na hamu.

Katibu aeleze kwa kifupi kura hizo zinatoka wapi. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wawakilishi wake pamoja na maseneta wake wawili, na jiji la Washington lina watatu, jumla 538. Kwa kuwa maseneta ni wawili kila mahali, majimbo madogo yananufaika. Wyoming, kwa sensa ya 2020, ilikuwa na watu kama 577,000 na ina kura 3, yaani kura moja kwa watu 192,000 hivi. California ina kura 54 kwa watu milioni 39.5, kura moja kwa watu 732,000 hivi.

Sehemu inayofuata msiikimbize, maana ndipo wasikilizaji wengi hupotea. Tanzania rais hutangazwa kwa kuwazidi wenzake kura nchi nzima. Wanaofuatilia Kenya huja na ile ya nusu ya kura na zaidi, pamoja na asilimia 25 katika kaunti 24. Marekani hakuna hayo. Bill Clinton alishinda 1992 kwa asilimia 43 tu, na Ross Perot, mgombea binafsi aliyepata karibu asilimia 19, hakuambulia mjumbe hata mmoja. Katika majimbo 48 na Washington, anayeongoza hata kwa kura moja huzoa wajumbe wote.

Wafundisheni kwa wilaya zetu. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba Nyamagana ina wajumbe 5, Magu 3 na Ukerewe 3. Mgombea wa kwanza anashinda Nyamagana kwa tofauti ya kura 80,000. Wa pili anamzidi Magu kwa kura 400 na Ukerewe kwa kura 150. Kwa jumla wa kwanza yuko mbele kwa kura 79,450, lakini wajumbe ni 5 kwa 6 na amekwisha. Mpe msikilizaji mmoja vizibo 11 avisogeze mwenyewe huku akihesabu kwa sauti. Mtu akishasogeza vile vizibo vitatu vya Ukerewe kwa mkono wake, hamtamweleza tena.

Ndipo mlete ya kweli. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima na akashindwa, kwa sababu Michigan, Wisconsin na Pennsylvania zilimponyoka kwa jumla ya kura zisizofika 78,000. Mwaka 2000 Florida iliamuliwa kwa kura 537, na urais pamoja nayo. Mwaka 2020 Biden aliongoza kwa kura milioni 7 nchi nzima, lakini kura zisizofika 43,000 za Arizona, Georgia na Wisconsin zingegeuka, hesabu ingesimama 269 kwa 269.

Sasa mchezo wenyewe. Kila upande uonyeshe njia ya mgombea kwa vizibo. Wa Democratic akianza na 226, akiongeza Pennsylvania, Michigan na Wisconsin anagonga 270 kamili. Wa Republican akianza na 219, akiongeza Pennsylvania, Georgia na North Carolina naye anagonga 270 kamili. Anayesema mgombea wake hahitaji Pennsylvania aruhusiwe kujaribu, na mtaona jasho litakavyomtoka.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau Maine na Nebraska, ambazo hugawa wajumbe: wawili kwa mshindi wa jimbo zima, na mmoja kwa mshindi wa kila wilaya ya uwakilishi. Zile 226 zina mjumbe mmoja wa Nebraska ndani yake, na zile 219 zina mmoja wa Maine. Toa yule wa Nebraska kwenye njia ya kwanza, 270 inakuwa 269 na pande zote mbili zinakwama. Hapo Baraza la Wawakilishi ndilo huchagua rais, kila jimbo kura moja, na zinatakiwa 26. Wyoming na California zinakuwa sawasawa. Chorea hali hiyo kisanduku chake pembeni.

Namna ya kupima hoja za kuuzika ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Hoja ya "kura za maoni zinampa uongozi" iulizwe kwanza ni za taifa au za jimbo. Za taifa ziwekwe kando. Za jimbo ziulizwe walihojiwa watu wangapi: kwa watu 1,000 kila namba inaweza kupanda au kushuka kama pointi 3, kwa hiyo uongozi wa pointi 2 haujathibitisha chochote. Uliza pia walisawazisha sampuli vipi. Mwaka 2016 kura nyingi za maoni za majimbo hazikurekebishwa kwa kiwango cha elimu. Waliosoma hadi chuo hukubali kuhojiwa zaidi, mwaka ule wengi wao walielemea kwa Clinton, na ndivyo Wisconsin ilivyoonekana salama wakati haikuwa.

Hoja ya "ameshawahi kushinda ugavana kwao" ina uzito ikiwa kwao ni mojawapo ya vile visanduku saba. Gavana aliyeshinda California kwa kishindo hajaongeza kizibo hata kimoja, maana zile 54 tayari zimo ndani ya 226.

Hoja ya "Wamarekani hawatamchagua mtu wa namna hii" ndiyo inayohitaji mwenyekiti imara. Inajizunguka yenyewe: mpiga kura anamkimbia mgombea anayempenda kwa kudhani wenzake hawatampigia, na wenzake nao wanafanya vivyo hivyo. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, upande wa pili wa ziwa letu, aliambiwa hivyo. Mwaka 2008 akazoa wajumbe 365 na kuchukua hata Indiana, ambayo haikuwa imempa Democratic tangu 1964. Trump naye aliitwa asiyeuzika 2016. Sisemi hoja hii ifungiwe mlango. Anayeitoa ataje ni wapiga kura gani watahama, wa jimbo gani, na wangapi. Asipoweza, katibu asiandike pointi.

Mkitaka mada ya pili, ya kufuta mfumo wenyewe, itengeni siku nyingine. Wanaotaka ufutwe wajiandae kujibu utafutwaje: theluthi mbili za mabunge yote mawili na majimbo 38 kati ya 50. Baraza la Wawakilishi liliwahi kupitisha pendekezo hilo mwaka 1969 kwa kura 338 dhidi ya 70, likafia Seneti.

Manila msiitupe. Uchaguzi ni Jumanne, 7 Novemba 2028, na huku matokeo yataanza kuingia alfajiri ya Jumatano. Vituo vya Georgia hufungwa saa 9 usiku kwa saa zetu, North Carolina saa 9:30, Pennsylvania saa 10, Wisconsin na Arizona saa 11, Nevada saa 12 asubuhi. Wekeni vizibo jimbo linapotangazwa, msiweke kwa sababu mtu anaongoza. Chini ya sheria zilizotumika hadi 2024, Pennsylvania na Wisconsin haziruhusu kura za posta kuanza kufunguliwa kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi, ndiyo maana anayeongoza usiku anaweza kupitwa kesho yake. Mwaka 2020 uchaguzi ulikuwa Jumanne na Pennsylvania ikajulikana Jumamosi. Kisanduku cha 19 kinaweza kukaa kitupu siku nne. Kiacheni hivyo hivyo.