Kuingiza Wi-Fi ya ofisi kwenye kompyuta nyingi kwa amri chache

Ofisi yenye kompyuta kumi na tano pale Ngamiani haihitaji fundi azunguke meza hadi meza akichapa nenosiri la Wi-Fi. Kuchapa kwa mkono kunaleta herufi zilizokosewa, na mwisho wa siku nenosiri linajulikana jengo zima. Windows ina amri yake ya kazi hii, netsh, na haihitaji programu ya kununua.

Anza na kompyuta moja iliyokwisha kuunganishwa na inayofanya kazi vizuri. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Ctrl+Shift+Enter ili kidirisha kifunguke kwa haki za msimamizi. Tazama majina ya profaili zilizomo, yaani kumbukumbu za mitandao ya Wi-Fi iliyohifadhiwa pamoja na nenosiri lake:

netsh wlan show profiles

Tuseme mtandao unaitwa OFISI-NGAMIANI. Tengeneza folda, kisha toa profaili:

mkdir C:\wifi
netsh wlan export profile name="OFISI-NGAMIANI" folder="C:\wifi" key=clear

Utapata faili Wi-Fi-OFISI-NGAMIANI.xml, neno la mwanzo ni jina la kadi ya mtandao ya kompyuta hiyo. Hapo kwenye key=clear ndipo wengi wanapokwama. Ukiiacha, nenosiri hutoka limefungwa kwa ufunguo wa kompyuta hiyo hiyo, na kwingine halisomeki. Profaili itaingia bila malalamiko, ila kuunganisha kutagoma. Fungua faili kwa Notepad uhakikishe: ndani ya sharedKey, protected iwe false, na keyMaterial ionyeshe nenosiri lenyewe.

Ukitaka kutumia faili hiyo hiyo kwa tawi la Chumbageni, badilisha jina kwa uangalifu. Jina limeandikwa mara mbili, juu kabisa na tena ndani ya sehemu ya SSID (jina ambalo ruta hulitangaza), na juu ya lile la pili kuna mstari wa hex wenye jina hilo hilo kwa tarakimu. Ukibadilisha majina ukauacha mstari huo, kompyuta itaendelea kuutafuta mtandao wa zamani. Ufute mstari wote wa hex. Si wa lazima. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na kama nenosiri lina alama &, ndani ya faili alama hiyo iandikwe & la sivyo faili haitasomeka. Kama ruta imefichwa isitangaze jina lake, nonBroadcast iwe true.

Sasa weka faili kwenye flashi pamoja na faili nyingine ya maandishi uliyoipa jina weka.bat, yenye mistari hii:

netsh wlan add profile filename="%~dp0Wi-Fi-OFISI-NGAMIANI.xml" user=all
netsh wlan connect name="OFISI-NGAMIANI"

Usiache %~dp0, ndiyo inayoonyesha folda ilipo weka.bat. Faili ikiendeshwa kwa haki za msimamizi, Windows huanzia C:\Windows\System32, si kwenye flashi, na utaambiwa faili haipo ilhali unaiona. Nayo user=all inafanya kila anayeingia kwenye kompyuta hiyo apate mtandao, hata zamu ikibadilika.

Kwenye kila kompyuta, bofya weka.bat kwa kitufe cha kulia na uiendeshe kama msimamizi. Ikisema huduma ya wlansvc, ile ya Wi-Fi ndani ya Windows, haijawashwa, andika net start wlansvc kisha rudia. Laptop za zamani zikigoma, andika netsh wlan show drivers uone aina za usalama zinazokubalika. Kama WPA3, aina mpya ya usalama wa Wi-Fi, haimo, faili yenye WPA3SAE haitakusaidia. Weka WPA2PSK, na ruta nayo iruhusu WPA2.

Umeme ukikatika, watu hujiunga na simu zao, na ruta ikirudi laptop hubaki kwenye simu ikila bando la mtu. Hilo unaweza kulipunguza, ingawa aliyejiunga na simu kwa mkono itabidi aikate mwenyewe ruta ikirudi. Izuie profaili ya simu isijiunge yenyewe, halafu uipe ya ofisi nafasi ya kwanza (kama kadi inaitwa jina jingine, netsh wlan show interfaces itakuonyesha):

netsh wlan set profileparameter name="SIMU" connectionmode=manual
netsh wlan set profileorder name="OFISI-NGAMIANI" interface="Wi-Fi" priority=1

Anayehama kati ya Ngamiani na Chumbageni mwekee profaili zote mbili, kila moja kwa faili yake.

Ukimaliza, futa XML kwenye flashi na kwenye C:\wifi, maana nenosiri limo wazi. Jua pia kuwa yeyote mwenye haki za msimamizi anaweza kulitoa tena kwa amri ile ile ya export, kwa hiyo wafanyakazi wapewe akaunti za kawaida. Mtu akiacha kazi, badilisha nenosiri kwenye ruta, toa faili ya XML upya kwa amri ya export, rekebisha keyMaterial, irudishe kwenye flashi, na uendeshe weka.bat upya, profaili mpya yenye jina lile lile inachukua nafasi ya ya zamani.